Maoni Uliyoandika Chini ya Filamu ya Baba

Mdogo wangu Joakimu,

Nakusalimia kwanza kwa sababu marehemu Mama alitulea hivyo; hasira niliyonayo ingeanza na mengine. Mnaendeleaje hapo Katumba? Tumbaku mmeshaiingiza kwenye mabani ya kukaushia? Mimi mzima. Bado nafungasha nyanya huku Italia na mgongo unauma, lakini sikuandikii kwa ajili ya mgongo.

Jumapili niliikuta mtandaoni ile filamu ya kauboi, ya majambazi wanaokimbia na mwenzao aliyepigwa risasi ya mguu. Ile ambayo Baba alikuwa akiitafsiri kwenye kibanda chake cha video, amesimama kando ya televisheni, watu wamejaa mpaka mlangoni. Nilifurahi mno. Nikashuka chini kusoma maoni ya watazamaji. Waitaliano wenyewe hawaipendi: mmoja anasema haina kichwa wala miguu, mwingine anasema farasi wameigiza vizuri kuliko watu. Nikacheka. Halafu nikakuta Kiswahili, na jina lako, na picha yako umevaa miwani ya jua.

"Kijijini kwetu kuna mzee alikuwa anatutafsiria hii muvi. Muongo sana yule. Hata salamu ya Kiitaliano haijui, anatunga tu, na washamba wanalia." Watu wamekuwekea vicheko kibao.

Kuna mzee, Joakimu? Baba yako mzazi ndiye uliyemwandika hivyo?

Ni kweli, Kiitaliano alikuwa hakijui. Nani pale alikijua? Alitazama nyuso zao akatuambia alichokiona. Majambazi walipomwacha majeruhi wao mtoni, Baba alisema kwa sauti ya yule jamaa, "Nendeni nyie, mimi nitawazuia hapa." Hapo ndipo kina mama walipokuwa wanalia. Umesahau kwamba kaka yake, baba yetu mkubwa, alibaki njiani na mguu uliovunjika walipokuwa wanakimbia kutoka Burundi? Hao unaowaita washamba, wengi wao walikuja kwa njia hiyohiyo.

Na usidhani hajajua. Jirani yetu mwenye duka alimsomea. Jana nilipompigia simu hakuniuliza habari za kazi.

"Kiitaliano sasa unakielewa?" aliuliza.

"Nakielewa, Baba."

"Yule wa mtoni alisema nini hasa?"

Joakimu, nimepasikiliza pale tena na tena. Anasema, "Msiniache." Anarudia hivyo mpaka wenzake hawaonekani tena.

Nikamwambia, "Ulitafsiri sawasawa, Baba. Anawaambia waende." Akasema, "Nilijua," na simu ikakatika. Nilikuwa sijawahi kumdanganya Baba maishani mwangu. Wewe ndiye uliyenifikisha hapo, kwa ajili ya vicheko vya watu usiowajua.

Futa hayo maneno leo. Halafu nenda kwake kwa miguu yako, si kwa simu, ukamwombe radhi. Akikuuliza habari za yule majeruhi, jibu kama nilivyojibu mimi, na umtazame usoni unapojibu.

Nisalimie mama mdogo aliyeolewa Kabungu, shangazi anayeuza mchele, na mkeo, ambaye sina ugomvi naye. Baba usimpelekee salamu zangu. Ukifika mlangoni kwake, nataka uwe na maneno yako mwenyewe.

Dada yako,
Perpetua