Bundi Aliyesikika Mazishini: Maelezo ya Mama Vifungo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kituoni, mtaani anajulikana kama Mama Vifungo
Umri: miaka 58
Kazi: fundi cherehani
Makazi: chumba cha uani, mtaa ulio nyuma ya gereji
Kuhusu: kupigwa kwa mume wake ndani ya makaburi ya familia

Nimeonywa niseme kweli tupu, na nimeelewa. Mimi ni mke wa mwalimu mstaafu ambaye sasa hivi amekaa kwenye benchi nje ya mlango huu. Nimekuja kueleza jinsi alivyopigwa.

Mume wangu anapenda ndege. Mimi sipendi ndege, nampenda yeye. Alipostaafu alianza kutoweka kila Jumamosi jioni, amenyoa ndevu na kuvaa shati safi. Nikajua nimeshaletewa mwenzangu. Siku moja nikamfuata kwa hasira zangu zote, nikamkuta kwenye makaburi amekodolea macho mti wa msufi. Mwenzangu mwenyewe alikuwa bundi. Nilicheka hadi nikakaa chini, naye akaniambia nipunguze sauti, namtisha.

Makaburi yale ni mali ya familia moja yenye uwezo. Yamezungushiwa ukuta, na ndiyo sehemu pekee ya mji iliyobaki na miti mikubwa, kwa hiyo ndege waliofukuzwa kwingine wamehamia pale. Aliyeturuhusu kuingia ni bibi mkubwa wa familia hiyo. Alimkuta mume wangu anang'ang'ania juu ya ukuta na darubini yake, na badala ya kumwitia mlinzi akamwambia, "Shuka baba, utavunjika kiuno. Mlango upo." Akaagiza mlango mdogo wa nyuma uachwe wazi kila Jumamosi. Alitupa masharti mawili tu, tusikanyage makaburi, na siku ya mazishi tusiingie. Hakuandika popote. Alisema, na neno lake lilitosha.

Baadaye mume wangu alipatwa na presha ya macho. Sasa anaona mwanga na vivuli tu. Darubini ameitundika msumarini. Lakini aliendelea kwenda, kwa sababu ndege anawajua kwa sauti. Alikuwa akikaa pale ananionyesha kwa kidole, huyu yuko kule, yule amehamia mti wa pili, nami nikiangalia nakuta ni kweli. Nyumbani anagonga meza na kumwaga chai. Pale hakuwa kipofu. Nataka hilo liandikwe.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, Jumamosi, kwenye saa kumi jioni, tuliingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida. Ulikuwa wazi. Kwa muda hatukuwa tumekwenda, kwa sababu alikuwa amelazwa kwa ajili ya macho. Geti kubwa liko mtaa wa pili, hatukulipita. Gereji walikuwa wanakata vyuma, masikio yote yamejaa kelele. Kati ya upande wetu na upande wa mbele kuna ua mrefu wa michongoma, huoni kitu.

Wanaotazama ndege wana desturi ya kumwita ndege kwa sauti yake mwenyewe. Wanayo imerekodiwa kwenye simu. Mume wangu ana spika ndogo isiyo na waya, na spika hiyo huwekwa mbali na mtu ili ndege aje bila woga. Aliniambia, "Mama Vifungo, kaitundike kule kwenye michongoma." Nikaitundika. Akabonyeza simu. Wakati huohuo gereji wakazima mashine.

Sauti ya bundi ilitoka kubwa, jua bado linawaka. Mara nikasikia mwanamke anapiga ukelele upande wa pili, kisha wengi. Nilichungulia penye uwazi. Kulikuwa na turubai na watu wengi waliovaa nguo nyeusi, na jeneza lilikuwa bado juu. Kumbe walikuwa wameinamisha vichwa kimya, wanaomba, ndipo bundi akalia juu yao. Kwa kweli hata mimi ningekimbia.

Wanaume wanne wakazunguka ua. Aliyetangulia ni mtoto mkubwa wa yule bibi, namfahamu kwa sura. Akauliza, "Nani anatuitia bundi hapa?"

Mume wangu akasimama, akavua kofia. Akasema, "Ni mimi, mwanangu. Mtuwie radhi, hatukujua kama kuna watu."

"Umeingiaje humu?"

"Tunayo ruhusa. Muulizeni bibi mwenyewe."

Afande, yule bibi ndiye aliyekuwa kwenye jeneza. Hatukuwa na habari. Nani angetuletea habari sisi? Mume wangu alisema kwa nia njema kabisa, huku anatabasamu upande ambao hapakuwa na mtu. Wao walisikia mchawi anawatuma kwa maiti.

Mtoto wake alimpiga kofi moja la sikio la kushoto. Alianguka. Wengine wakampiga mateke. Simu ikavunjwa kioo, lakini spika ikaendelea kulia, sijui ina shetani gani. Watu walikuwa wanaitafuta kwenye miiba na hawaioni. Niliivuta mimi mwenyewe, mikono ikachanika, nikaikalia ndipo ikanyamaza. Nilipiga kelele kwamba huyu haoni, ni kipofu. Mmoja akajibu, "Haoni, anafanya nini kwenye makaburi?" Habari za ndege haziingii kichwani mwa mtu anayezika mama yake.

Daktari amesema ngoma ya sikio imepasuka vibaya na sikio hilo halitasikia tena. Jirani zangu wananipa pole, wanasema la kulia lipo. Hawaelewi. Mtu wa sikio moja anasikia sauti, lakini hajui inatoka wapi. Juzi nilimwita nikiwa mlangoni, akageukia ukutani.

Jumatatu iliyofuata nilipeleka sare za mafundi pale gereji. Gereji imepakana na ukuta wa makaburi; nikapanda juu ya tairi, nikaona msufi unaangushwa kwa msumeno wa mashine. Ndani ya shina mlikuwa na makinda ya bundi. Waliyaua kwa ubao na kuyamwagia mafuta ya taa. Mlango mdogo wa nyuma umejengewa tofali. Siwalaumu sana. Nawalaumu kidogo.

Afande ameniuliza ushahidi wa ruhusa uko wapi. Nimemjibu uko kaburini. Amesema hilo hawezi kuliandika. Nimemwambia aandike.

Nimeelezwa kwamba familia ile nayo imemshtaki mume wangu kwa kuingia bila idhini na kuvuruga mazishi, na kwamba pande zote zitafuta mashtaka akikubali kwa dole gumba kutokanyaga pale tena. Ameshaweka dole asubuhi hii; maelezo haya nimetaka tu yabaki kwenye faili. Mimi ndiye niliyemshika mkono.

Alikubali upesi kwa sababu amepiga hesabu zake. Ameniambia hatutaingia, tutakuwa tunakaa barabarani, nje ya ukuta, kwa kuwa msufi ni mrefu na bundi anasikika hadi kule. Anasema makinda ya bundi yatakuwa yameanza kulia sasa. Ananiuliza kila siku tutaanza lini. Nimemwambia Jumamosi.

Sijamwambia kuhusu mti. Naomba maelezo haya yasisomwe kwa sauti mlango ukiwa wazi.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya, na nimeyasema bila kulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotamkwa. Utaratibu unadai shahidi asomewe. Nimemsomea kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa, naye amekiri ni sahihi. Tulipotoka, mume wake alikuwa ameegemeza sikio la kulia kwenye mlango. Aliomba aongozwe nyumbani.