Sabato Yako Inaanza Mchana

Suji,
Same,
19 Januari 1975

Mjukuu wangu mpendwa Anaeli,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla ya kufungua bahasha. Hujambo, mume wangu? Kifua hakijakurudia kwenye baridi hiyo ya Uchina, huko Peking? Unakula ukashiba? Sisi wazima, ila goti langu la kushoto linasumbua, na moyo hautulii. Anayeandika ni Lukia, mke wa mjomba wako. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinilainishe.

Barua yako ya mwanzo wa Desemba tumeipata. Watu maelfu juu ya baiskeli, wanapishana hawasalimiani! Wanaishije? Juzi nilishuka Same, upepo ukatujaza vumbi machoni, na bado tulisalimiana mpaka basi likaniacha.

Lakini lililonikaa ni lile la jua. Uliandika kwamba hapa likiwa utosini, saa sita mchana, huko limeshazama. Ijumaa iliyofuata nikawaza shambani: kumbe Anaeli anafungua Sabato sasa hivi, na bibi yake bado anang'oa maharage! Nikayaweka chini. Nikaimba wimbo mmoja, nikaomba, nikaenda nyumbani. Ni Ijumaa ya tatu sasa nafanya hivyo, ili usiifungue peke yako.

Shamba lenyewe ni la kijiji, na Zebedayo, balozi wetu wa nyumba kumi, amenichoka.

"Bibi, sote hapa Wasabato, tunangoja jua lizame. Wewe jua lako la wapi?"

"La Peking," nikamjibu.

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Sasa naitwa Bibi Peking. Zebedayo hakucheka. Jumatano naitwa mkutanoni, na wapo wanaotaka nikose mgao wangu wa maharage.

Nikikosa, nitakula mboga za majani. Kinachonikosesha raha ni mstari mmoja wa barua yako: kwamba Jumamosi mlikuwa karakana, mkifungua injini ya treni. Nimemrudisha Lukia hapo mara tatu. Yeye anasema labda ulikuwa unatazama tu. Kutazama gani? Wewe tangu utoto hujui kutazama kitu bila kukishika.

Basi nakuuliza waziwazi, mimi niliyekulea: bado unaishika Sabato, au umeiacha? Usinijibu la kunifurahisha. Najua uko kwa watu, kengele ya darasa si yako, na ulikwenda huko kusomea treni, si kucheza. Lakini tangu siku hiyo nakaa nainuka, nachungulia njia kama nangoja mgeni. Nataka kujua ninapoweka maharage chini tuko wawili au niko peke yangu.

Ukisema umeiacha, nitakugombeza kwa barua nzima, Lukia atachoka mkono. Kukulaani, hapana. Nitashika mbili: yako ya mchana na yangu ya jioni. Jumatano waseme watakalo. Yako naitunza mpaka ushuke kwenye treni pale Same, uje uichukue mwenyewe.

Mjomba wako Nathanaeli anakusalimu, na jirani yetu Koleta na wanawe. Mdogo wao, Priska, anauliza kama huko kuna ndizi.

Mungu asiyelala huku wala huko akufunike usiku wako, ambao kwangu bado ni mchana.

Ni mimi bibi yako nikupendaye, hata ukiniudhi,
Asnath