Mwiko Ulioutia Motoni, Mama Theopista

Mwaka umeshatimia, Mama, tangu tukulaze migombani pale Uru, na bado watu wanatuuliza kama kweli tunapika mtori, supu yetu ya ndizi, bila maziwa. Tunapika, na hatuachi.

Wewe uliyeamka alfajiri kukamua ng'ombe wawili, ndiwe uliyeletewa mjukuu asiyepatana na maziwa. Winfrida akionja tone tu, midomo inavimba na pumzi inabana. Ukoo ukasema anadeka. Wifi yako Monica akasema mtoto wa Kichagga wa kukataa maziwa hajawahi kumwona. Ulishuka sokoni Kiboriloni, ukarudi na nazi, ukajifunza kuzikuna uzeeni, ukaunga mtori kwa tui. Tulikucheka, Mama. Tusamehe.

Halafu ile Krismasi, ukoo mzima uko nyumbani, Winfrida akavimba kwa mtori huohuo wa tui. Tukamkimbiza hospitali, akapona. Waliobaki wakasema basi si maziwa, mtoto amelogwa, apelekwe akaombewe. Wewe ulishinda jikoni ukinusa chombo kimoja kimoja, mpaka ukafika kwenye mwiko, ule aliokupa mama mkwe wako siku ulipoolewa. Asubuhi ile uliukorogea mtindi wa wageni, ukausuuza juujuu, kisha ukaukorogea mtori wa mtoto.

Hukuficha kosa lako. Uliutia mwiko motoni mbele ya mawifi zako, nao wakaguna kweli kweli. "Mwiko utachongwa mwingine," ukawaambia. "Mjukuu huyu hachongwi. Kuanzia leo chungu cha nyumba hii ni kimoja, na tutakula sote anachokula mtoto."

Krismasi iliyopita hukuwepo. Monica ndiye aliyesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mpya mkononi, akimhoji kila aliyeingia kama ameshika maziwa. Winfrida alikula mabakuli mawili, ameketi katikati ya binamu zake.

Jumapili hii baada ya misa, ndugu na majirani karibuni nyumbani. Mtori ni wa tui. Atakayekuja na maziwa atayaacha kwa ng'ombe.

Unakumbukwa na mumeo Wenseslaus, wanao Thadeus na Melkior, mkweo Ruth, wifi yako Monica, na Winfrida, ambaye sasa ana miaka tisa na nazi anakuna mwenyewe.

Hatutakusahau, Mama, na chungu chako hatukigawi.