Mgonjwa wa Siku Tisa

Buswelu, 3 Machi 2024

Dada Bernadeta, shikamoo.

Habari za ng'ambo ya ziwa, habari za wodi? Miguu bado inavimba baada ya zamu? Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa kufundisha. Nakuandikia karatasi na kumpa Pius wa kivukoni kwa sababu simu zangu hupokei.

Mwezi wa nne huu tangu nivue sare ya unesi na kuanza kuitwa Mwalimu. Unajua nilichokikuta chuo kikuu? Vitabu vya uuguzi wa afya ya akili vimejaa wagonjwa wanaoishi peke yao na paka, wanaotazama theluji dirishani! Wanafunzi wanakariri. Nikawauliza: nani hapa amemwona mgonjwa aliyeletwa amefungwa kamba na kaka zake, na kaka wanalia kuliko yeye? Wakainamia vitabu vyao. Huu ni uvivu wa wasomi, nami nitaupiga vita mpaka wanifukuze.

Kwa hiyo natunga mgonjwa wa mfano, wa kwetu. Hayupo popote. Jina nimelitunga, Ndalahwa Masalu, na nimempa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nikimaliza kumwandika nitamsoma darasani.

Usiendelee kuninunia kwa kuwa niliondoka wodini kwenu.

Mdogo wako,
Modesta

*

Sengerema, 13 Machi 2024

Mdogo wangu Modesta, marahaba.

Miguu inavimba, asante kwa kuuliza. Simu sipokei kwa sababu ukiwa hewani hunipi nafasi ya kusema hata neno. Kwenye karatasi walau unanyamaza.

Sasa nyamaza kweli. Juzi Jumatatu asubuhi tumepokea mgonjwa. Alikuja peke yake kwa miguu kutoka upande wa Kamanga, kivukoni, nguo zimelowa hadi kifuani, na mvua haikunyesha. Nikamuuliza jina. "Ndalahwa Masalu." Kazi? "Pamba." Nikacheka, nikadhani umemtuma. "Nani kakuleta, ngosha?" Akasema, "Mwalimu."

Analalamika kwamba mashine inachambua pamba ndani ya sikio lake la kushoto. Kabla ya kulala anapanga ndala zake zikitazama ukuta, "ili zisiende bila mimi." Tumeuliza kiwandani, tumeuliza kijiji anachokitaja. Hakuna anayemfahamu.

Umemwandika mtu halisi? Nijibu bila hotuba.

Dada yako,
Bernadeta

*

Buswelu, 15 Machi 2024

Dada, shikamoo. Hamjambo wote hapo?

Bila hotuba siwezi, unanijua. Miaka kumi na sita nimegombana na watu wanaowaficha wagonjwa kwa waganga mpaka wanachelewa kutibika, halafu leo nianze kutetemeka mimi? Kuna mwanafunzi kafungua mdomo, au wewe unanilipizia kwa kuwa niliondoka. Kama ni mzaha, haujanichekesha hata kidogo.

Nimeweka kalamu chini, nimekwenda kuzisoma karatasi zangu, nimerudi. Sikio la kushoto lipo ukurasa wa pili. Ndala zipo ukurasa wa tatu, na maneno ni yale yale. Dada, sijamsoma kwa mtu yeyote. Nimeandika kwa mkono, karatasi zimo kwenye droo, na ufunguo ninao shingoni.

Anakula?

Mdogo wako,
Modesta

*

Sengerema, 16 Machi 2024

Modesta, marahaba. Hatujambo.

Anakula. Ni mpole, dawa anameza. Jana nilikaa naye kitandani, akaniambia kama mtu anayetaja ratiba ya kivuko: "Siku ya tisa nitaondoka, nesi. Mkiwa mnasoma daftari."

Saa hiyo unaijua kuliko mimi. Saa moja na nusu asubuhi, zamu inayotoka na zamu inayoingia zinasimama mezani, tunasomeana jina na hali ya kila mgonjwa, na wote tumeupa mlango mgongo. Nikamuuliza anaondoka kwenda wapi. Akaniangalia kwa huruma. "Ziwani. Kwani Mwalimu hajakuambia?"

Siku ya tisa ni Jumanne. Huo mfano wako unaishaje, Modesta? Umemuua?

Dada yako,
Bernadeta

*

Buswelu, 18 Machi 2024

Dada, shikamoo. Hali yako siiulizi leo, naijua.

Ndiyo. Anakufa ukurasa wa mwisho. Nilitaka wanafunzi waumie, maana mgonjwa akipona kitabuni darasa linasinzia. Ndivyo nilivyojitetea. Lakini wewe unajua kifo hicho nilikitoa wapi. Ni cha Mayala, yule mgonjwa wetu. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa zamu, mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa nasoma daftari kwa ile sauti yangu nzuri. Walimpata kwenye matete ya ziwani. Ripoti ikasema "alitoroka", nikatia saini. Halafu nikaomba ruhusa ya kwenda kufundisha, nikaishia hapa kufoka kuhusu uvivu wa wasomi.

Siku mbili nimejaribu kubadilisha mwisho. Nafuta, naandika kwamba amepona. Nikirudia kuusoma ni uongo mtupu. Mchana huu nimeuchana ukurasa wenyewe. Sasa mfano hauna mwisho, na sijui hilo litamfanya nini.

Nimekupigia mara kumi na moja. Pius ameahidi kukimbia na barua hii hadi wodini. Kesho usisome daftari. Simama mlangoni.

Mdogo wako,
Modesta

*

Sengerema, 20 Machi 2024

Mdogo wangu, marahaba.

Kivuko kiliharibika, Pius akanifikia jana saa nne. Mambo yalikuwa yamepita. Nilisimama mlangoni bila kuambiwa.

Dorcas wa zamu ya usiku alikuwa anasoma daftari. Ndalahwa akaja peku, nguo zinachuruzika maji, na hakuwa ametoka wodini tangu alipopokelewa. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu kwenye kitasa. Baridi ile bado ninayo vidoleni. Nikamwambia, "Baba, mimi sibanduki hapa." Hakunisukuma. Tulisimama tu, tukisikiliza majina. Dorcas alipofika kwenye jina lake, akageuza kichwa, akaitikia, "Nipo." Dorcas akaangusha kalamu.

Leo ni siku ya kumi. Amekaa kitandani, mikono mapajani, hajala. Nikimuuliza anataka nini anasema hajaambiwa. Mashine haisikii tena, kijiji hakikumbuki. Anaogopa, Modesta. Ameniuliza siku ya kumi na moja watu wanaifanyaje. Miaka yote hii ya kuuguza, nikaishia kumfunika blanketi.

Dada yako,
Bernadeta

*

Buswelu, 21 Machi 2024

Dada, shikamoo. Jipumzishe hata saa moja.

Leo darasani nimewasimulia habari za Mayala. Jina lake nimeficha, langu sikuficha, wala saini. Wawili walitoka nje. Waliobaki nimewaambia tukutane kivukoni kesho asubuhi, wakiwa na sare.

Mwambie Ndalahwa nakuja bila karatasi. Nitavuta kiti nikae. Na muulize kama anapenda chai ya rangi au ya maziwa. Hilo sikuwahi kuliandika, kwa hiyo huenda analijua mwenyewe.

Mdogo wako,
Modesta