Buibui wa Jabalini

Mdogo wangu,

Picha yako imenifikia hapa makumbusho. Magoti yananisumbua tena, hizi ngazi za stoo zitanimaliza. Mama hajambo. Anakula kidogo, anauliza mengi.

Ulitaka kujua huyo ni buibui gani. Ni tarantula, tena si wa kila siku. Nilidhani rangi ni ujanja wa kamera, nikamlinganisha na wote tulionao kwenye chupa. Wenye miguu ya buluu wapo kadhaa. Mwenye miguu ya buluu na mstari wa njano mgongoni ni mmoja tu, na karatasi ya chupa yake niliiandika mwenyewe: anaishi kwenye nyufa za lile jabali jeusi nyuma ya nyumba ya Mama. Kwingine ametafutwa miaka, hajaonekana.

Nawe unasema ulimpiga picha huko ughaibuni, dirishani kwako.

Mwezi uliopita Mama aliniambia mbwa ameshinda akitikisa mkia, macho jabalini. Nikamjibu ni uzee, wa mbwa na wake. Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu. Yako ni hatua hamsini hadi mlango ambao Mama haufungi mchana, na unajua anamngoja nani.

Sikugombezi, nimechoka. Daftari letu linataka mahali picha ilipopigwa. Nimeandika, "Hapajulikani." Jioni Mama ataniuliza uko wapi, nami nitamjibu hivyo hivyo.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakutunzia siri.