Nimevaa Nembo ya Gari, Baba Amechukuliwa Maksai

Mama Editha, shikamoo. Naomba unisome hadi mwisho hata kama barua inazunguka, kwa sababu nimejaribu kuipanga vizuri kama tulivyofundishwa chuoni, na kila nikiipanga naona swali langu limehama.

Mimi ni kijana wa Nyamwaga, nina stashahada ya ugavi, na tangu dhahabu ilipochangamsha huku kwetu nimepata kazi ya ukarani kwenye ghala moja Tarime mjini. Ghala linatunza spea za kampuni kubwa inayotengeneza pikapu, zile ambazo wachimbaji wakipata pesa hununua mpya, lakini ghala lenyewe si la kampuni hiyo, kwani watengenezaji hao, yaani wenye magari, waliipa kazi ya kutunza na kusafirisha kampuni moja ya Dar es Salaam, nayo ikaigawia kampuni ya Mwanza, ambayo ndiyo inanilipa mshahara, ila shati tunalovaa lina nembo ya gari kifuani kwa sababu mkataba unataka hivyo, na jina la mwajiri wangu halipo popote, kwa hiyo kijijini kila mtu anajua kwamba mtoto wa Benedicto anatengeneza magari. Sikuwahi kuwakatalia. Mama alipenda kusikia.

Mwezi uliopita pikapu ya Waitara, jirani yetu aliyebahatika machimboni, ilikosa breki kwenye mteremko wa kwenda josho, ikaua ng'ombe wawili wa Mzee Magabe na kumvunja mguu mama Agustina aliyekuwa amekaa pembeni na ndizi zake. Wazee wakaita ritongo, yaani baraza letu la ukoo, na mimi nikaitwa nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kazini, hata shati sikubadili.

"Hiyo alama ya kifuani," Mzee Magabe akauliza, "si ndiyo iliyo kwenye pua ya gari la Waitara?"

"Ndiyo, mzee, lakini sisi tunatunza spea tu."

"Sisi nani?"

Mama Editha, jibu la swali hilo ni refu, maana nikianza na Mwanza lazima nieleze Dar es Salaam, na nikieleza Dar es Salaam lazima niwataje wenye magari. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwacheni, huyo ameolewa huko. Mmeshaona bibi harusi akavaa nguo za kwao?" Watu wakacheka, na Waitara naye akacheka, yeye aliyekuwa kwenye usukani. Mume wa mama Agustina hakucheka. Nilimtazama nikaona aibu, nikasema kwa adabu tu, kama mtu yeyote anavyosema akifika palipo na shida, "Poleni sana wazee, tumewakosea."

Kicheko kikakatika. Mzee Magabe akasema, "Basi nyumba yenye kosa imejibu."

Siku ileile maksai wa baba wa kulimia wakaswagwa kwenda kwa Mzee Magabe, wakae huko mpaka kampuni ije kulipa, na sasa mvua imeanza na shamba letu halijaguswa. Baba hakunifokea. Alisema tu, "Tuliambiwa kazi yako ni ya kalamu. Mdomo ulikwenda kufanya nini?"

Nilimweleza msimamizi wangu, Bwana Elibariki, naye akashika kichwa. "Ulisema tumekosea na shati liko mwilini? Ungelivua kwanza." Akaniambia sisi ni ghala na lori, hatuuzi, hatutengenezi, hatuahidi. Nikapiga simu kwa wenye magari wenyewe, dada aliyepokea akaniuliza niko tawi gani, nikasema Tarime, akasema Tarime hawana mtu. Ile kampuni ya katikati simu yao inapiga muziki tu. Sasa Bwana Elibariki anataka nirudi kwenye ritongo niseme nilichanganyikiwa, na nisitaje kabisa maboksi, yaani kuna maboksi ya mipira ya breki yaliyoletwa kabla ya ajali pamoja na agizo kwamba pikapu za toleo kama la Waitara zibadilishiwe kabla hazijaendelea kutembea, lakini kufunga ni kazi ya gereji yenye mkataba wake mwingine, na gereji inasema haijaelekezwa na mtu, kwa hiyo maboksi yapo palepale karibu na mlango tunayaruka tukipita, na pikapu nyingine mbili za namna hiyo ziko wilaya ya Serengeti, moja ya Nyansurura inabeba watu wa mnadani na nyingine ya Machochwe inabeba kwaya, ila hilo si la ofisi yetu na sitaki kukuchanganya.

Nikikana maneno yangu nitakuwa nimewadanganya wazee, na baba hatakaa nao tena. Nisipokana, kazi imekwisha, na mimi ndiye ninayemsomesha mdogo wangu. Usiku silali. Mama Editha, mimi ni wa nani? Na maksai wa baba atawarudisha nani?

Mwenye Shati, Nyamwaga

MAMA EDITHA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole hiyo naitoa kwa niaba yangu peke yangu, nawe ujifunze kuitoa hivyo. Majina ya watu nimeyabadilisha. Ya vijiji nimeyaacha makusudi.

Umejaza kurasa kwa habari za shati, kisha breki ukazipitisha katikati ya sentensi kama mtu anayetaja kwamba siku hiyo kulikuwa na mawingu. Unasema hutaki kunichanganya. Hapo ndipo barua yako ilipoeleweka. Waliopanga kazi yenu walimkatia kila mmoja kipande chake, na breki zikawa si kipande cha mtu. Lakini anayeyaruka maboksi hayo kila asubuhi ni wewe, na umesoma kilichoandikwa. Najua unaogopa. Ogopa, na wenye pikapu hizo uwapigie simu.

Kwenye ritongo usirudi kukana. Nenda na baba yako, vaa shati lako mwenyewe ulilonunua, na kabla ya kwenda mwombe mtendaji wa kata awepo. Waambie wazee kwamba pole uliyowapa ilitoka moyoni na hujaifuta, ila huna mamlaka ya kukiri wala kulipa kwa niaba ya wenye magari, na baba yako ndiye hana kabisa. Kisha eleza habari ya maboksi yote, Waitara na mume wa mama Agustina wakisikia, ili wajue mlango wa kubisha, nao wapeleke madai yao kwa mwanasheria. Mwombe Mzee Magabe maksai warudi walime wakati shauri linaendelea. Naye ni mkulima, hiyo mvua anaiona.

Bwana Elibariki mwandikie kwa heshima kwamba hutaficha, ubaki na nakala, na nyingine uipeleke polisi wa usalama barabarani. Anaweza kukufukuza. Sitakudanganya kwamba hathubutu. Akikufukuza nenda ofisi ya kazi na hiyo nakala mkononi. Ada ya mdogo wako itatafutwa. Mguu wa mama Agustina umeshavunjika, na huo hukuutaja tena baada ya aya ya tatu.

Kuhusu wewe ni wa nani: kwa mshahara ni wa Mwanza, kwa kuzaliwa ni wa Benedicto. Wenye magari walikuazima shati tu. Hilo lilikuwa swali jepesi.

Barua yako sikuiweka kwenye foleni. Nimepiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha, hukupokea, nadhani uliogopa namba ngeni. Mchungaji wa Machochwe nimempata, pikapu imeegeshwa na kwaya itatembea kwa miguu. Ya Nyansurura nimeuliza mpaka nimechoka, sijampata mwenyewe. Wewe unamjua, maana bila kumjua usingeniandikia anabeba watu wa wapi. Na wewe mwenye gari la Nyansurura, kama safu hii imekufikia, usiliwashe.

Mwanangu, kama bado unasoma ukitafuta neno la kukufariji, nitakupa siku nyingine. Weka gazeti chini, umpigie.