Kipande Nilichojifunza kwenye Santuri ya Mjomba

Jumapili, nyumba za reli, Voi. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sufuria. Mimi leo sioni ubaya wa kitu chochote, hata vumbi.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Darasani, mwalimu akifundisha, vidole vyangu vya mkono wa kushoto hubonyeza nyuzi zisizokuwapo, juu ya paja, chini ya dawati. Nataka kupiga gita kwenye bendi. Nalitaka hilo kuliko kufaulu mtihani, na naona haya kuliandika hata hapa.

Ndiyo maana hupiga nyuma ya nyumba tu, watu wakiwa kazini.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa kwaya aliniazima kitabu cha gita la jazi. Kina vipande vifupi vifupi, kila kimoja na namba yake na noti zake. Nilivijua vyote. Namshukuru sana, maana bila yeye vidole vyangu vingekuwa bado vinapapasa. Lakini vipande vile vilikaa kila kimoja peke yake, kama maneno ya kamusi. Nilijua kuvitamka. Sikujua vinasemwa lini.

Likizo hii nimeshuka kutoka Chawia kuja kukaa na Mjomba Mwakio, mdogo wake mama, anayefanya kazi stesheni. Ana gita kuukuu, gramafoni, na santuri moja ya jazi aliyopewa na baharia Mombasa. Karibu na mwisho wa santuri hiyo vyombo vingine vinanyamaza, gita linabaki likiongea. Nilikitamani kipande hicho. Mjomba hakubali mpini wa gramafoni uzungushwe sana, wala uzungushwe katikati ya santuri, springi ya ndani isije ikakatika, kwa hiyo kila mara nilianza santuri mwanzo na kungoja gita lifike. Alinivumilia. Alikuwa akila, akivua viatu, akisali, santuri ile ile inalia, na hakuniambia basi.

Kilichonishangaza zaidi ni mwisho wake. Vyombo vingine vinarudi, gita linapunguza mwendo, sauti inateremka kidogo kidogo kama mtu anayesinzia, na bendi nzima inateremka nalo. Nikasema, hawa watu wanasikilizana! Nikajifunza kutelezesha kidole juu ya uzi mpaka sauti ishuke vivyo hivyo.

Jana alasiri alikuja Bwana Salim, mwenye duka, kiongozi wa bendi inayopiga kwenye harusi za huku. Mpiga gita wake wa pili amehamishiwa Taveta, na wana harusi ya kupiga huko Mghange, milimani. Mjomba akanipa gita lake, akanisukuma mbele.

"Huyu?" Bwana Salim akasema. "Mbona hata salamu yangu ameiitikia kwa mnong'ono?"

"Mpe nafasi, Salim. Kinywa chake ndicho kina haya."

Bwana Salim akaanza wimbo wao wa dansi kwa gita alilokuja nalo, kisha akanitupia jicho. Nikapiga namba saba ya kitabu, bila kukosea hata noti moja. Akasimamisha mkono.

"Mwanangu, umejibu vizuri sana. Ila hilo sijakuuliza."

"Ndiyo shida ya kusomesha watoto," mjomba akasema.

Masikio yaliniwaka moto. Nilitaka kuweka gita chini nirudi nyuma ya nyumba, na pengine nisiliguse tena. Lakini Bwana Salim alikuwa ameshaanza upya, polepole. Safari hii nilisikiliza. Kulikuwa na mahali ambapo wimbo wake ulipumua, kama santuri inavyopumua kabla gita halijaachwa peke yake. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikapiga kile kipande chote, mpaka mwisho wake wa kusinzia.



Kisha mjomba akaegemea ukuta akicheka mpaka machozi. "Salim! Hiyo ni springi yangu! Gramafoni ikiishiwa nguvu ndivyo inavyolia! Huyu mtoto ameiiga mpaka uzee wake!"

Kumbe hakuna bendi iliyokubaliana kusinzia.

Bwana Salim hakucheka. "Rudia," akaniambia. Nikarudia. Nilipofika mwisho akapunguza mwendo pamoja nami, tukateremka sote wawili, tukatua mahali pamoja. Hapo ndipo alipocheka.

"Mwakio, usiitengeneze springi hiyo. Na wewe, Profesa, Jumamosi tunapanda Mghange. Huo usingizi wako uje nao."

Sikulala vizuri kwa furaha. Nimemshukuru Mungu kwa ajili ya mjomba na uvumilivu wake, kwa ajili ya mwalimu na kitabu chake, na, kama inaruhusiwa, kwa ajili ya springi mbovu.

Leo baada ya kanisa nilimwomba mjomba azungushe gramafoni katikati, mara moja tu. Akazungusha huku akikunja uso. Nikasikia mwisho wa kweli: gita halishuki kabisa, linapanda, kwa haraka, kama mtu anayekimbilia treni. Nimejifunza na huo.

Halafu nikachukua gita, nikapita mlango wa mbele, nikakaa kwenye ngazi inayotazama njia. Nikapiga mwisho wa kupanda, kisha wa kusinzia. Mama jirani alipita na ndoo, akasimama kunitazama.

Niliendelea kupiga.